Pampu ya Isolelo na Wageni wa Kongamano

Siku mliyoniaga, pale kwenye chumba cha mikutano, mmoja wenu alisimama akasema Bi Anjela ni maktaba, aandike kabla hajasahau. Nilicheka kama watu wanavyocheka wakiagwa. Sasa nimekaa hapa nyumbani Miyuji, upepo wa Agosti unanijaza vumbi machoni, na nimeamua kuandika. Ila sitaandika mliyoyatarajia. Vyeo nilivyopanda mtavisoma kwenye jalada langu, kama panya wa masijala wamebakiza kitu. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa kazi hii, na jinsi nilivyoiharibu. Majina ya vijiji nimeyabadili. Langu nimeliacha.

Niliingia kazini miaka ile ya ruksa, mitumba imeanza kujaa sokoni na kila ofisa anajifunza kutamka soko huria bila kujikwaa. Chuo kikuu chetu, ambacho makao yake yalikuwa mbali na Dodoma, kilikuwa kimefungua kituo kidogo cha tathmini hapa mjini: vyumba vitatu vya kupanga, Landrova moja, na taipureta iliyokatika herufi ya r. Ripoti zetu za mwanzo zina r zilizoandikwa kwa mkono. Nilikuwa nikiziandika mimi, ukurasa kwa ukurasa. Kazi ya kituo ilikuwa kupima miradi ya watu wengine. Mradi ukisema umeleta maji, sisi tunakwenda kuona kama maji yapo. Mimi nilikuwa mdadisi, yaani mtu wa kubeba dodoso tupu kwenda nalo kijijini na kulirudisha limejaa. Nilichukuliwa kwa sababu moja tu: nimezaliwa Mpwapwa, na Kigogo ndiyo lugha niliyoinyonya kwa mama.

Aliyenipokea ni Mzee Chipanha, msimamizi wa wadadisi. Zamani alikuwa bwana shamba huko Kongwa, na alitembea kama mtu anayekagua mistari ya mahindi, akiangalia chini muda wote. Siku yangu ya kwanza alichukua dodoso langu, akasoma swali la kwanza kwa sauti: “Je, kijiji kina pampu ya maji? Ndiyo. Hapana.” Akalirudisha mezani.

“Mwanangu, ukimuuliza mwenyekiti wa kijiji kama kuna pampu, atasema ipo. Hata kwetu kuna trekta. Kuku wanatagia ndani.”

“Sasa niulize nini, mzee?”

“Usiulize. Fika, salimia, kaa, omba maji ya kunywa. Ukiletewa maji ya rangi ya chai, umeshajibiwa. Dodoso utalijaza baadaye.”

Alinifundisha mengine ambayo hamtayapata kwenye vitabu vyenu. Andika kwa penseli, kwa sababu wino na jasho havipatani. Usimuulize mwanamume umbali wa kisima. Atakwambia umbali alioutembea siku aliyokuwa akichumbia. Angalia mpini wa pampu: unaoshikwa kila siku hung’aa kama sarafu, ulioachwa huota kutu. Angalia mfereji wa kutolea maji: ukiona majani makavu na mavi ya mbuzi, hapo hapajamwagika maji siku nyingi. Na mwanamke akisemewa na mumewe, funga daftari, chukua ndoo, nenda naye korongoni. Huko ataongea. Nilibeba ndoo nyingi miaka ile. Shingo yangu inakumbuka.

Kazi ambayo ningetaka kuwasimulia kwa majivuno ni tathmini ya pampu za mkono upande wa Kongwa. Wafadhili walikuwa wamefunga pampu kijiji baada ya kijiji, na mwanzoni bohari ya maji ya mkoa ilitoa vipuri. Kisha bohari ikafungwa. Ilisemwa kwamba sasa vipuri vitaletwa na wafanyabiashara. Wafanyabiashara walileta Kongwa redio, viatu na biskuti. Rodi za pampu na wasa, vile viduara vya mpira vya ndani ya pampu, hakuna aliyeleta. Tulizunguka wiki sita, na mahali pengi tuliletewa maji ya rangi ya chai.

Isolelo ilikuwa kijiji cha mwisho, mbali na lami, njia ya kutikisa meno. Nilisalimia, “Mbukwenyi,” nikakaa, nikaomba maji. Nililetewa kikombe cha maji meupe, ya baridi. Nikainuka hapohapo kwenda kuiona pampu. Mpini wake uling’aa. Pembeni alisimama mwanamke wa makamo mwenye kisu kidogo mkononi, anakata kandambili iliyochakaa kuwa duara. Huyo ndiye Mama Nyemo, mwenyekiti wa kamati ya maji. Bohari ilipofungwa alikuwa ameifungua pampu mwenyewe, akatazama wasa iliyokwisha, akatengeneza nyingine kwa kandambili. Ilidumu siku tisa. Ya pili ilidumu zaidi. Saa za mchana alikuwa akiifunga pampu kwa mnyororo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, “Hata punda hupumzishwa.”

Nililala kwake siku tatu, nikala mlenda wake, nikaandika kila alichonieleza. Mkwewe, Yunisi, msichana aliyeolewa mwaka uleule, alinionyesha jinsi wanawake wanavyovuta rodi zote kutoka kisimani kwa mikono, wakiimba, bila fundi. Niliporudi mjini nilimwambia Mzee Chipanha kwamba nimekuta mtu anayejua kazi kuliko mradi wenyewe. Akasema, “Basi mwandike yeye.” Nikamwandika. Rasimu yangu ilisema pampu nyingi zimenyamaza kwa sababu vipuri havipo, na Isolelo inaonyesha kinachowezekana na kinachokosekana.

Mkuu wa kituo nitamwita Daktari tu, kwa kuwa ndivyo alivyotaka kuitwa, hata na mkewe. Alivaa miwani yake, akasoma rasimu kwa kalamu ya kijani, akaandika pembeni: “Kijiji kimoja si tathmini.” Ikakaa kabatini.

Miezi michache baadaye zikaja habari kubwa. Kongamano la watathmini kutoka nchi za jirani na za mbali lingefanyika Dodoma, na chuo kikuu chetu kingewasilisha makala na kuwatembeza wageni kijijini. Waliofadhili pampu wangekuwepo. Kituo kizima kilipakwa rangi. Taipureta ilipata r. Mzee Chipanha alikuwa amestaafu mwezi uliotangulia, kwa hiyo hakuiona.

Kijiji kilichochaguliwa kuonyeshwa ni Mtakanje, kwa kuwa kipo karibu na lami na wageni wasingechafuka. Tatizo la Mtakanje lilikuwa dogo: pampu yake ilikuwa imekufa mwaka mzima, rodi zimeliwa na kutu. Daktari aliniita ofisini. Fundi Hamisi, aliyetutengenezea Landrova na kila kitu kingine, alikuwa amesimama dirishani akiangalia nje.

“Anjela, Hamisi anasema pampu ya Isolelo ni ya aina ileile ya Mtakanje.”

“Ndiyo, Daktari. Ndiyo pampu pekee inayotoa maji upande ule.”

“Tunaziazima rodi na silinda kwa wiki moja. Wageni wakiondoka, zinarudi. Wale kinamama wanakuamini wewe.”

Nikamwambia wanakunywa kutoka kwenye pampu ile. Akasema wiki moja si mwaka, na zamani waliishi bila pampu. Kisha akavuta karatasi kutoka kwenye kabrasha, akaisogeza mbele yangu. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa makala. Chini ya jina lake palikuwa na nafasi. “Hapa panakaa jina lako,” alisema.

Sitawadanganya kwamba nilitishwa. Nililitaka jina lile. Mdadisi hakuandikwa popote siku hizo. Tulikuwa tukishukuriwa kwa jumla, pamoja na madereva.

Nyumba ya Mzee Chipanha ilikuwa njiani. Nilimwambia dereva apite njia nyingine.

Isolelo walifurahi kuliona gari. Nilieleza habari ya wageni, nikasema wiki moja. Yunisi ndiye aliyesema kwanza, “Mama, tusitoe.”

Mama Nyemo alinitazama. “Mtazirudisha lini?”

“Jumatatu ya wiki ijayo.”

“Wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe, mama.”

Akamgeukia mkwewe. “Huyu amelala kwangu. Amekula chungu kimoja na sisi.” Kisha akafungua mnyororo. Hamisi alitoa spana zake lakini hazikuhitajika sana. Wanawake walizivuta rodi wenyewe, moja baada ya nyingine, kama walivyonionyesha, safari hii bila kuimba. Yunisi naye alivuta. Tulizifunga juu ya gari kwa kamba ya katani. Njiani Hamisi hakusema neno mpaka tulipoikuta lami. Hapo akasema, “Dada Anjela, mimi ni fundi tu.” Nikamjibu kwamba hata mimi ni mdadisi tu.

Siku ya ziara wageni walishuka kwenye basi na mikoba mipya ya kongamano na kofia zenye maandishi. Mtakanje ilikuwa imefagiwa. Palikuwa na ngoma, na foleni ya ndoo iliyopangwa vizuri mno. Foleni ya kweli ina ugomvi. Pampu ikatoa maji, watu wakapiga makofi. Washiriki wa makongamano hupiga makofi kwa kila kitu. Jana yake walikuwa wamelipigia makofi tangazo la funguo za gari zilizopotea.

Mgeni mmoja hakupiga. Alikuwa mama mtu mzima, mtathmini wa siku nyingi, viatu vyake vimechakaa kama vya mtu anayetembea vijijini. Nilimwona anaangalia mpini. Kisha anaangalia mfereji. Nilimtambua: alikuwa Chipanha mwingine. Akaniita nimtafsirie. Alimwendea bibi mmoja kwenye foleni, akamsalimia kwa heshima, akauliza kwa Kiingereza pampu hii imekuwa ikitoa maji tangu lini.

Nikamuuliza bibi kwa Kigogo. Bibi akajibu kwa Kigogo, bila kuficha chochote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba pana cha kuficha: “Tangu juzi.”

Daktari alikuwa begani kwangu. Kigogo hakukijua, hata salamu. Angesimama pale mpaka jioni asingejua bibi kasema nini. Ningeweza kusema maneno mawili yale na kazi ingekwisha. Badala yake nilimwambia yule mama, kwa Kiingereza changu kizuri cha shule ya masista: “Anasema, tangu mradi ulipokuja, hatujawahi kukosa maji.”

Mgeni alinitazama kidogo, akaandika. Bibi alinitabasamia, akidhani nimepeleka maneno yake.

Kesho yake Daktari alisoma makala ukumbini. Katikati aliweka karatasi ya plastiki kwenye projekta, na sentensi yangu ikatokea ukutani kwa herufi kubwa, ndani ya alama za kunukuu: tangu mradi ulipokuja, hatujawahi kukosa maji. Chini yake: mnufaika, Mtakanje. Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Makala ilisifiwa kuwa bora katika kundi lake. Jina langu lilikuwepo kwenye ukurasa wa kwanza, nalo lilikosewa. Waliandika la baba yangu bila herufi ya katikati. Isolelo haikutajwa. Mama Nyemo hakutajwa.

Jumatatu niliomba gari. Daktari alisema tusubiri, wafadhili wanaleta mpiga picha. Wiki ya pili mpiga picha alikuja, akaondoka. Wiki ya tatu gari lilikuwa Morogoro. Wiki ya nne Hamisi alikuja kuniambia kwamba rodi zimekatika. Mtakanje walikuwa wakipiga pampu ile mchana na usiku, maana na wao walikuwa na kiu ya mwaka mzima, na kiungio kati ya rodi nzima na bomba bovu hakikuhimili. Vyote vilikuwa vimedondoka ndani ya kisima. Alijaribu kuvivua kwa ndoano siku mbili, akashindwa. Nilipomweleza Daktari, aliitikia kwa kichwa. “Tutaliweka kwenye mapendekezo,” alisema.

Sikwenda Isolelo. Nilijiambia nitakwenda nikiwa na kitu mkononi. Ndivyo mwoga anavyopanga safari.

Mvua ya mwaka ule ilichelewa. Siku moja, saa nne asubuhi, Mzee Chipanha aliingia ofisini. Hakuwa amekanyaga pale tangu astaafu. Nilisimama, nikampa shikamoo na kiti. Aliitikia, lakini hakukaa.

“Yunisi wa Isolelo amefukiwa,” alisema. “Wamerudi kuchimba mchanga korongoni kutafuta maji. Shimo limewapita kimo, ukingo ukamwangukia.”

“Yuko hai?”

“Yuko hai. Nyonga imevunjika. Wamembeba kwa kitanda mpaka Kongwa.” Akaitazama meza yangu, kabrasha la kongamano likiwa juu yake, kisha akaniuliza taratibu, “Ulikwenda wewe kuzitoa?”

“Nilikwenda mimi, mzee.”

“Ulipita mbele ya nyumba yangu?”

“Sikupita.”

“Nilijua hukupita. Ungepita, ungeingia.” Akavaa kofia yake, akatoka. Tuliishi mji mmoja miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokutana naye nilimwamkia, naye aliitikia marahaba. Habari za kazi hakunizungumzia tena mpaka tulipomzika.

Wiki ileile niliandika barua kwa walioandaa kongamano. Nilieleza bibi alisema nini, na rodi zilitoka wapi. Ilikuwa barua nzuri, fupi, ya penseli. Kwa ujinga wangu, au labda kwa kutaka kuzuiwa, nilimwonyesha Daktari kwanza. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia. “Ukiituma, tafuta kwanza pa kwenda,” alisema. Nilikuwa na watoto wawili na mume asiyekuwa na kazi. Niliichana. Nawaandikia hayo ya watoto na mume kwa kuwa ni kweli. Hayaondoi kitu.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi, na mnaifahamu. Nilifundisha wadadisi kuomba maji na kuangalia mpini. Nilikuwa mkali kwa tafsiri mpaka mkaniita Bi Neno-kwa-Neno, mkidhani sisikii. Hamkujua ukali ule ulitoka wapi. Na kwenye mafunzo yangu ya mwisho, mmoja wenu, sitamtaja kwa sababu hana kosa, alisimama na makala ya zamani mkononi atuonyeshe nukuu nzuri inavyokuwa: fupi, hai, kutoka kinywani mwa mwananchi. Akasoma. Tangu mradi ulipokuja, hatujawahi kukosa maji. Nilisema asante, tuendelee. Sasa mjue. Kila mliyemwona amemnukuu yule mnufaika wa Mtakanje, amemnukuu mdadisi mmoja aliyekuwa anataka jina lake kwenye karatasi.

Nilipostaafu sikuwa tena na sababu ya kuliogopa gari la ofisi wala ya kulisubiri. Mwezi Juni nilikwenda Isolelo, kwa basi mpaka Kongwa, kisha kwa bodaboda. Siku hizi wana bomba linalovuta maji kwa nguvu ya jua. Waliniambia halikuletwa na mradi tuliouandikia sisi. Mama Nyemo bado yupo. Macho yake yamefifia, lakini sauti yangu aliitambua kabla sijamaliza salamu.

“Anjela wa dodoso,” alisema.

“Ndiye mimi, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Umechelewa Jumatatu nyingi.”

Yunisi alitoka ndani na fimbo, akitembea kwa kuvuta mguu mmoja, akaniletea kigoda. Ni mtu mzima sasa, ana wajukuu. Alikaa pembeni akaendelea kumenya karanga. Niliwaeleza yote: ukurasa uliokuwa na nafasi, bibi wa Mtakanje, maneno yake na maneno yangu, barua niliyoichana. Niliyasema kwa Kigogo, ili nisiwe na mahali pa kujificha. Hawakunikatiza. Nilipomaliza nilisema sijaja kuomba wanisamehe, nimekuja kusema tu.

Mama Nyemo alinigeuzia uso. “Kabla yako walikuja wengine,” alisema.

“Wengine gani, mama?”

“Mkubwa wako yule wa miwani, na mtu wa mradi. Siku nne kabla yako. Walizitaka rodi hizohizo. Tuliwafukuza. Yunisi aliwashikia mpini wa jembe.”

Yunisi aliinua macho kutoka kwenye karanga. “Yule wa miwani alipoteza kiatu,” alisema.

Daktari hakuwahi kuniambia. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani nilitumwa kwa sababu mimi ndiye mdadisi, na Kigogo ni kazi yangu.

“Wangekuja wao tena, tungewakatalia,” Mama Nyemo alisema. “Wangekuja na polisi, tungewakatalia. Wewe hukuwa mtu mbaya, mwanangu. Mtu mbaya hatukumpa.”